Presha kuka ya umeme kwa wenye watoto wadogo: maharage yanajipikia, sisi tunasoma hadithi

Nianze na jibu kabisa ili mwenye haraka asisumbuke kusoma mpaka chini. Kama una watoto wadogo, nyumbani kwako umeme upo, na kwa wiki hamkosi maharage au makande au nyama ngumu mara mbili tatu, nunua. Kama chakula chenu ni ugali, mchicha na dagaa siku zote basi hela yako kaa nayo, hii kitu haitakusaidia chochote, itakaa juu ya kabati na boksi lake.

Ninayotumia ni ya lita 6, wati 1,000, nilichukua Kariakoo kwa laki na themanini baada ya kubembelezana sana na muuzaji. Jina la kampuni siweki kwa sababu kwa bei hizi nyingi zinafanana, ndani kitu ni kilekile wanabadilisha rangi na stika tu, kwahiyo ninachoandika hapa ni kuhusu aina hii ya chombo kwa ujumla, siyo duka fulani wala kampuni fulani.

Sasa riviu nyingi nilizoziona mtu anaongelea gesi, mara mtungi wangu ulikuwa unaisha haraka sasa unakaa, mara mkaa umepanda bei. Hiyo yote ni kweli. Serikali nayo imeshikilia hapo hapo, kuna ule Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 mpaka 2034, lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034, na kwenye hotuba utasikia misitu, utasikia mapafu ya akina mama, na mambo hayo ni ya msingi sitanii. Ila mimi kama mama mwenye mtoto wa darasa la kwanza na mwingine wa miaka minne naona kuna kitu hakisemwi kabisa: hiki chombo hakitaki kusimamiwa. Yaani ukishafunga mfuniko ukabonyeza, umemaliza, hakuna kuongeza maji, hakuna kupuliza moto, hakuna kuchungulia kama yameshikia chini. Kwa mtu anayerudi nyumbani saa kumi na mbili jioni kutoka mjini mpaka Kimara, kwenye mwendokasi amesimama njia nzima, na watoto wanatakiwa wawe kitandani saa tatu, yale masaa mawili matatu ndiyo maisha yote na watoto wako siku za kazi. Zamani yote yalikuwa yanaishia jikoni. Mtoto anakuja na daftari, "mama nisikilize nasoma," na wewe macho yako kwenye sufuria unamjibu mmh mmh, hata hujui kasoma nini.

Haya jinsi inavyofanya kazi, kwa kifupi, maana kuna watu wanaogopa wakidhani ni mizimu. Sufuria ya kawaida hata uichochee vipi maji yakishafika kuchemka joto halipandi tena, Dar hapa ni nyuzi 100 basi. Dada yangu yuko Mbeya, kule juu mita kama 1,700, maji yao yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, ndiyo maana akija Dar anashangaa maharage yetu yanaiva haraka, wakati maharage yenyewe yametoka kwao! Sasa presha kuka inafungia mvuke ndani, presha ikipanda na maji nayo yanakubali kupata moto zaidi ya pale, yanaenda nyuzi 115 na kitu, na zile nyuzi chache za ziada ndizo zinazokata muda nusu au zaidi. Kwahiyo kama uko Mbeya, Njombe, Lushoto huko, wewe faida yako kubwa kuliko yangu.

Ila msidanganywe na zile dakika za kwenye boksi. Wanaandika maharage dakika 25, hawakuambii kwamba hizo ni baada ya presha kupanda. Ukiweka maji ya baridi, dakika kumi mpaka kumi na tano zinaenda kwenye kupasha tu mpaka kile kipini kidogo cha kwenye mfuniko kipande juu, ndiyo saa inaanza kuhesabu. Ikimaliza, kwa maharage usifungulie mvuke hapo hapo, yatafoka mapovu mpaka ukutani, acha ipoe yenyewe dakika kumi au kumi na tano nyingine. Kwahiyo maharage yaliyolowekwa toka asubuhi hesabu kama dakika 50 yote kwa yote, ambayo hayakulowekwa ni saa na robo hivi. Bado ni nusu ya jiko la mkaa, na cha muhimu ni kwamba katika dakika zote hizo wewe uko huru.

Na hapa ndipo hadithi zinapoingia.

Jioni yetu inaenda hivi. Maharage yameloweka toka asubuhi kabla ya kutoka. Nikifika naosha, nabadilisha maji, natumbukiza na kitunguu kimoja kizima na kijiko cha mafuta (mafuta yanapunguza mapovu, msiache), maji yapite maharage kwa vidole viwili, nafunga, nabonyeza. Afu naondoka jikoni. Naomba msome tena hiyo sentensi akina mama wenzangu, naondoka jikoni. Watoto wanaoga, mkubwa anamalizia homuweki, halafu tunakaa kwenye mkeka sebuleni tunasoma. Sitawadanganya kwamba tunasoma dakika hamsini, mtoto wa miaka minne hakai dakika hamsini hata umfunge kamba, tunasoma kama robo saa, siku wakiwa na mzuka tunafika nusu saa. Lakini ni robo saa ambayo mama yupo kweli, siyo mama wa mmh mmh.

Tunasoma nini? Swali zuri kwa sababu vitabu vya watoto vya Kiswahili vyenye picha za rangi siyo kila duka la vitabu unavikuta, na ukivikuta bei yake unafikiria mara mbili ukijua kwamba kitachanwa wiki ijayo. Tunachotumia zaidi ni African Storybook, ni mradi wa taasisi ya Afrika Kusini inaitwa Saide, ulianza rasmi 2014, hadithi za picha kwa lugha nyingi sana za Afrika na Kiswahili kipo kwa wingi. Ni bure. Siyo bure ya wiki moja halafu unaombwa namba ya kadi, ni bure kweli, leseni yake ni ya wazi, unaruhusiwa kusoma, kudaunlodi, kuprinti, hata kutafsiri kwa lugha yako ya nyumbani. Wana programu ya kwenye simu, unashusha hadithi ukiwa na bando au waifai ya ofisini halafu nyumbani unasoma bila intaneti.

Nilichokipenda zaidi ni zile ngazi. Hadithi zimepangwa kuanzia za maneno machache kwenye ukurasa, zinakuja za sentensi, zinakuja za aya, mpaka ngazi ya juu kabisa ambayo ni ya mtu mzima kumsomea mtoto. Kwa nyumba yenye watoto wawili wa umri tofauti hii imetusaidia sana, mkubwa anamsomea mdogo za chini anajiona mwalimu mkuu, kisha mimi nawasomea wote ile ndefu. Angalizo moja, kwa kuwa mradi uko wazi na watafsiri ni wengi tofauti tofauti, Kiswahili cha hadithi moja na nyingine hakilingani, kingine kina harufu ya Nairobi kingine ya kwetu, kwahiyo mimi napitia mwenyewe haraka kabla sijawasomea, nikikutana na neno ambalo kwetu hatulitumii nalibadilisha mdomoni. Watoto hawajui. Ukiwasomea wewe ndiyo redio yao.

Kuhusu kusoma kwenyewe niseme kidogo. Toka 2015 shule za msingi darasa la kwanza na la pili zimeelekezwa kwenye KKK, kusoma, kuandika, kuhesabu, na watoto wanajua silabi hao, ba be bi bo bu hadi majirani tumekariri. Kiswahili kinasomeka kama kinavyoandikwa, kwahiyo mtoto akishajua silabi anakusomea chochote, hata gazeti la uchumi atakusomea. Shida ni kwamba anasoma bila kuelewa. Wangu alikuwa anasoma ukurasa mzima kwa sauti ya gwaride, ukimuuliza haya fisi alifanya nini, anakuangalia. Dawa yake shuleni huwezi kuipata, mwalimu ana watoto wengi mno darasani atamuuliza nani amwache nani. Dawa ni mtu mmoja kukaa na mtoto na kusimama katikati ya hadithi, "unadhani sungura atamwambia nini hapo?" na kumwacha ajibu upuuzi wake wote. Hiyo kazi haitaki elimu, inataka tu mtu ambaye hana sufuria inaungua. Bibi zetu walifanya hivyo bila kitabu, hadithi hadithi, hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea, na walikuwa na faida moja kwamba moto wa kuni ulikuwa hapo hapo miguuni wanapika na kusimulia kwa pamoja. Sisi wa vyumba viwili na jiko la koridoni ndiyo tumetenganishwa.

Simu ina tabu yake lakini. Katikati ya hadithi inaingia meseji ya kundi la ukoo, na mwanangu mdogo ana kidole chepesi, ukizubaa keshafika kwenye katuni. Kwahiyo tulianza kuprinti. Unashusha hadithi, unapeleka steshenari, unaprinti nyeusi na nyeupe, unakunja na kubana pini katikati unapata kijitabu. Rangi wanapaka wenyewe, na hiyo peke yake ni shughuli ya Jumamosi nzima. Kikidondokewa na mchuzi hakuna anayelia. Tunavyo vingi sasa viko kwenye boksi la viatu, na chenye mchuzi mwingi ndiyo chenye kupendwa. Na kwa walio Dar, msiisahau Maktaba Kuu ya Taifa pale barabara ya Bibi Titi Mohamed, iko toka 1967 na ina sehemu ya watoto, watu tunapita nje kila siku tunadhani ni ya wanafunzi wa chuo tu.

Ila kilichonishangaza zaidi ni daftari. Hili sikulipanga. Siku moja mkubwa aliniuliza kwa nini lile sufuria "linahesabu kinyumenyume", maana lina kioo kidogo namba zinashuka, nikamwambia ziangalie zikifika sifuri uniite. Akaanza kuzisoma kwa sauti, kisha akataka kuandika, nikampa daftari la kurasa 48 lililobaki na kurasa tupu, tukaandika juu MAPISHI YETU. Sasa kila chakula kina ukurasa wake. Mkubwa anaandika, mdogo anachora. Maharage yameandikwa hivi, nanukuu kama yalivyo: "Chambua. Toa mawe. Osha. Loweka. Weka kitungu kimoja. Fuga mfuniko." Ndiyo, fuga mfuniko, hatujasahihisha na hatutasahihisha, mdogo kaona hilo neno limesomwa kachora mfuniko una miguu minne.

Angalieni sasa hayo maneno. Chambua, osha, loweka, menya, kata, koroga, funga, subiri. Ni mafupi, ni amri, na kila moja lina kitendo ambacho mtoto kakifanya kwa mikono yake dakika tano zilizopita. Akisoma "chambua" anajua ni nini, kakaa na ungo mapajani kachambua, kapata jiwe, kaonyesha nyumba nzima hilo jiwe. Huyu sasa hasomi kwa gwaride. Na mdogo ambaye hajaanza hata shule anafungua ukurasa wa njegere "anasoma" kwa kukariri, kidole kinapita chini ya maneno kutoka kushoto kwenda kulia, kidole kiko kwenye "menya" mdomo uko kwenye "osha" lakini mwelekeo kaushika. Kuhesabu nako kumo humo humo, vikombe viwili vya maharage maji vikombe sita, mkubwa kagundua mwenyewe kwamba ukiweka vikombe vitatu maji yanakuwa tisa, sijamfundisha hiyo, kaihitaji siku tulipopata wageni.

Kazi ninazowapa ni zile ambazo hazina moto wala kisu kikali: kuchambua, kumenya njegere na vitunguu saumu, kuosha mchele (nusu unaenda kwenye sinki tunasamehe), kuchuma majani ya mchicha, kupima maji. Watu wanasema watoto wanachelewesha mapishi, ni kweli wanachelewesha, lakini ukiwa na chombo kinachokurudishia saa nzima unaweza ukawalipa dakika ishirini zao.

Turudi kwenye chombo. Vyakula.

Makande ndiyo mtihani wenyewe, hasa ukiwa umeolewa Upareni kama mimi. Mahindi ya kukoboa na maharage vilowekwe usiku kucha pamoja, vikae presha dakika 50, vinatoka laini kabisa. Mama mkwe alipokuja kutoka Same nikampikia, akala, akaweka kijiko chini akasema, "Mwanangu, haya yameiva lakini hayajapikwa." Baba watoto akacheka mpaka akatoka nje. Lakini mama alikuwa na hoja, presha inalainisha tu haiungi, mchuzi unabaki maji maji na ule moshi wa kuni haupo. Nikamuuliza mama nifanyeje, akaniambia yafunue uyaache yachemke taratibu na tui mpaka mchuzi ushikane. Basi ndivyo ninavyofanya mpaka leo, presha ikiisha nafungua, nabonyeza sehemu ya kukaangia, naweka kitunguu na karoti na tui zito mwisho kabisa, dakika kumi na tano wazi. Alivyoonja mara ya pili akaomba sahani nyingine, maneno hakusema na mimi sikuuliza. Na hilo la tui lizingatieni hata kwenye maharage ya nazi, ukilifungia ndani ya presha linakatika linakuwa madonge, tui linaingia baada ya kufungua.

Nyama ya ng'ombe ile ya kawaida ya buchani nusu saa, kuku wa kienyeji jogoo mzee kama dakika 35, makongoro saa nzima na mchuzi wake unaganda ukipoa, mdogo anaunywa kwenye kikombe. Ndizi za mtori zinaiva dakika chache sana mpaka unaona aibu. Choroko na kunde hazihitaji hata kulowekwa. Pilau inatoka vizuri mno ila hakuna ukoko, na kwetu ukoko ni haki ya kikatiba, watoto waliandamana, kwahiyo wali na pilau tumerudisha kwenye sufuria ya kawaida. Ugali hapana, usijaribu. Mboga za majani hapana, mpaka presha ipande mchicha ulishaiva sufuriani ukaliwa na vyombo vikaoshwa. Kwahiyo usiuze jiko lako la gesi, hii ni ya kusaidiana nalo.

Kitu kimoja cha hatari ambacho wengi hawakijui. Baadhi ya hizi presha kuka zina sehemu ya kupika polepole kwa moto mdogo masaa sita manane. Usiweke maharage mekundu mabichi kwenye hiyo sehemu. Yana sumu ya asili ambayo inakufa yakichemka sawasawa angalau dakika kumi, moto mdogo hauiui, na dalili zake ni kutapika na kuhara nyumba nzima. Kwenye presha kamili hamna shida.

Na usalama wa watoto kwa ujumla, hapa siyo pa kucheka. Tundu la kutolea mvuke ligeuzie ukutani upande ambao hakuna mtu anayepita, lakini siyo chini ya kabati la mbao, litavimba. Kulifungulia natumia mpini wa mwiko siyo vidole, na kwetu kuna sheria kwamba mama akisema "mvuke" wote wanarudi mpaka kwenye zulia, mdogo anakimbia kama ambulensi inapita. Waya uwe mfupi na uwe nyuma, mtoto asipate pa kuvuta. Chomeka ukutani moja kwa moja, zile ekstensheni za elfu tano zinapata moto. Mfuniko ukikataa kufunguka maana yake presha bado ipo, usishindane nao, kaa chini maliza hadithi. Na kwenye maharage usipite nusu ya sufuria, yanavimba, vyakula vingine usipite theluthi mbili, ndani kuna mstari umechorwa ufuate.

Umeme. Hili ndilo swali la kila mtu na majibu mengi ninayosikia ni ya kutisha watu. Wati 1,000 haimaanishi inakula uniti moja kila saa, inakula hivyo wakati wa kupasha tu, robo saa ya mwanzo hiyo ni kama robo uniti, baada ya hapo inajizima na kujiwasha kidogo kidogo kulinda presha kwa sababu imezibwa vizuri na joto halitoki. Sufuria ya maharage kwangu haifiki nusu uniti. Kwa bei ninayonunua LUKU, kama shilingi 356 kwa uniti, chungu cha maharage ni chini ya shilingi mia mbili, na kwa wale wa matumizi madogo wasiozidi uniti 75 kwa mwezi wanaolipia kama mia moja ishirini na mbili kwa uniti ni karibu na bure. Kopo la mkaa la mia mbili nionyesheni linauzwa wapi. Kinachokula uniti ni kukaangia, pale mfuniko uko wazi moto unatoka wote, kwahiyo kuunga maharage mengi mimi naunga kwenye gesi.

Umeme ukikatika katikati usifungue kwa hasira. Joto liko ndani na chakula kinaendelea kuiva chenyewe kwa muda, kama ulikuwa umebakiza dakika chache mara nyingi utakuta kimeshaiva. Baadhi zinakumbuka zilipoishia umeme ukirudi, yangu haikumbuki, inarudi mwanzo inakutazama, kwahiyo tunaandika dakika zilizobaki kwenye daftari. Mkubwa ndiye mtunza rekodi. Giza likiingia hadithi zinaendelea za mdomo, na hizo zina fisi wengi kuliko za kwenye kitabu.

Vya kukera navyo vipo. Ule mpira wa kwenye mfuniko unashika harufu, ukipika makongoro leo, kesho wali wako unanukia makongoro, nilinunua mpira wa pili, mmoja wa nyama mmoja wa vingine. Kuosha mfuniko kuna vishimo shimo vya kusafisha na mswaki wa zamani. Kile kikombe cha nyuma kinachokusanya maji ya mvuke watu hawakijui kipo, kikijaa kinaoza kimya kimya. Kitabu cha maelekezo kilichokuja nayo ni Kiingereza cha kutupwa na herufi za kusoma na lensi. Vibatani vya mapishi vimepangwa kwa vyakula vya wenzetu, kuna cha keki na cha mtindi, makande hakuna, kwahiyo utaweka dakika mwenyewe. Na nyanya usizitie chini kabisa na maji kidogo, zinashika na mashine inalia na kuandika herufi za ajabu kwenye kioo, nyanya ziweke juu na usikoroge.

Ukienda kununua, fungua boksi dukani usione haya. Angalia kama sufuria ya ndani ni ya stili au ile nyeusi isiyoshika, mimi ningekuwa na uwezo ningechukua ya stili maana ile nyeusi watoto wakisaidia kuosha kwa stili waya inachubuka. Uliza kama mpira wa spea unapatikana pale pale, kama muuzaji anababaika hamia duka la pili, mpira ndiyo unaochoka kwanza na bila mpira presha haipandi hata uombe. Iwashe dukani uone kioo kinawaka. Risiti chukua na warantii iandikwe kwenye risiti siyo mdomoni. Ukubwa, kwa watu watano sita lita 6 inatosha, mnaokaa wawili na mtoto mmoja lita 4 au 5 haipungukiwi kitu, na wenye ukoo unaoshuka Ijumaa bila taarifa chukueni ya lita 8 kabisa.